Krimu, mwanga, upandikizaji au kuliacha baka lilivyo: namna ya kuchagua ukiwa na vitiligo

Baka langu la kwanza lilitokea kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, palepale ukanda wa saa ulipokuwa ukisugua. Miezi michache baadaye likaja la shingoni, kisha ncha za vidole. Nilipofika kwa daktari wa ngozi sikuuliza huu ni ugonjwa gani. Niliuliza dawa ipi ni bora. Akanijibu kwa maswali matatu. Mabaka yanaendelea kuenea au yametulia? Yako sehemu gani za mwili? Na wewe unataka nini hasa: rangi irudi, mabaka yasionekane, au ngozi yote iwe sawa?

Sikuwa na jibu hata moja. Leo, baada ya miaka ya kujitibu na ya kuzungumza na wenzangu wenye hali hii, naamini maswali hayo ndiyo nusu ya tiba. Asiyeyajibu huhama kutoka dawa hii kwenda ile, kila moja akiipa wiki sita, na mwisho husema zote hazifai. Makala haya yanalinganisha njia sita kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuambiwa ana vitiligo na sasa hajui ashike ipi.

Jambo moja la kujua kabla ya kulinganisha

Vitiligo, ambayo wengine huiita mbalanga, hutokea pale kinga ya mwili inapogeuka na kuzishambulia melanosaiti, yaani seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Zikifa, ngozi hubaki nyeupe kama maziwa. Haiambukizi kwa kugusana, kwa kulala pamoja wala kwa kutumia vyombo vimoja. Inawapata takribani asilimia 0.5 hadi 2 ya watu duniani, wa rangi zote, wake kwa waume, na karibu nusu yao huanza kuiona kabla ya kutimiza miaka 20. Iko ya pande mbili, ambapo mabaka hutokea mkono huu na ule, goti hili na lile, nayo ndiyo ya kawaida zaidi. Iko pia ya upande mmoja, ambayo huanza mapema maishani, huenea kwa kasi kwa miezi kadhaa, kisha mara nyingi hutulia moja kwa moja.

Sasa shika hili, maana ndilo litakaloeleza karibu kila tofauti utakayoisoma hapa chini: akiba ya melanosaiti imefichwa kwenye mashina ya vinyweleo. Rangi inaporudi, hutokea humo na kutambaa kwenye ngozi iliyo jirani. Ndiyo maana uso na shingo huitikia tiba vizuri. Ncha za vidole, midomo, viganja na nyayo hazina akiba hiyo au zinayo kidogo mno, hivyo huitikia kwa shida. Na pale ambapo hata unywele ulioota juu ya baka umegeuka mweupe, akiba yenyewe imekwisha.

Hakikisha pia kwamba ni vitiligo kweli. Daktari huwasha taa ya Wood katika chumba chenye giza na baka la vitiligo hung'aa weupe wa kibuluu. Mabaka ya ukoma kwa kawaida hayawi meupe kabisa na hupoteza hisia ukiyagusa. Ya fangasi huwa na magamba membamba ukiyakwangua. Omba na kipimo cha damu cha tezi ya thairoidi, kwa kuwa wenye vitiligo hupata matatizo ya tezi hiyo mara nyingi kuliko watu wengine.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza mambo yaleyale: inafanya nini, inafika wapi mwilini na kwa muda gani, inakudai nini katika maisha ya kila siku, ina madhara gani, nini hutokea ukiiacha, na inamfaa nani. Gharama nimeigusa pale inapobadilisha uamuzi. Kama una haraka, soma kipengele cha "inakudai nini" kwanza, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, hata kama dawa yenyewe ni nzuri.

1. Dawa za kupaka

*Inafanya nini.* Hutuliza kinga ya mwili palepale kwenye baka, ili mashambulizi yakome na rangi ipate nafasi ya kurudi. Kuna makundi matatu. Steroidi kali, kama klobetasoli na mometasoni, ndizo kongwe na za bei nafuu. Takrolimusi na pimekrolimusi hutuliza kinga bila kuwa steroidi. La tatu ni jipya: krimu ya ruksolitinibu ya asilimia 1.5, inayoziba njia ya mawasiliano ambayo seli za kinga huitumia kuitana kwenye ngozi. Marekani iliiidhinisha Julai 2022 kwa vitiligo ya pande mbili, kwa wenye miaka 12 na kuendelea, na ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa kazi ya kurudisha rangi. Ulaya ilifuata mwaka 2023.

*Inafika wapi, kwa muda gani.* Usoni na shingoni ndiko zinakofanya vizuri. Katika majaribio ya ruksolitinibu, takribani watu 30 kati ya 100 walipata nafuu ya angalau asilimia 75 usoni baada ya wiki 24. Waliposubiri hadi wiki 52, waliofika hapo walikuwa karibu nusu. Tazama tofauti hiyo vizuri: aliyeacha kwenye mwezi wa tatu hakuijaribu dawa, aliionja tu.

*Inakudai nini.* Kupaka kila siku, mara moja au mbili, kwa miezi mingi. Ruksolitinibu hupakwa kwenye eneo lisilozidi asilimia 10 ya mwili. Njia rahisi ya kupima ni kiganja chako pamoja na vidole vyake, ambacho ni takribani asilimia 1. Mabaka yako yakijaza zaidi ya viganja kumi, krimu peke yake haitakutosha. Bei ya dawa hii mpya ni kubwa, na kwa wengi hilo peke yake linamaliza mjadala. Si aibu, takrolimusi na steroidi bado zinafanya kazi.

*Madhara.* Hapa makundi yanatofautiana sana. Steroidi kali ikitumika mfululizo huchosha ngozi. Niliwahi kuuziwa moja kwa ajili ya shingo bila kuambiwa siku ya kuacha. Nilipaka miezi mitano bila kupumzika. Ngozi ikawa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, mishipa midogo ikaonekana, na baka likabaki pale pale. Steroidi hupakwa kwa vipindi vyenye mwisho unaojulikana, chini ya macho ya daktari, na karibu na macho huepukwa kwa sababu inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Takrolimusi haipunguzi unene wa ngozi, ndiyo maana hupendwa kwa uso na kope. Huwasha na kuchoma siku za mwanzo, kisha hali hiyo hupungua. Kwenye pakiti zake utasoma onyo la saratani, na wengi hutupa dawa wakishalisoma. Tafiti za miaka mingi kwa watu wanaoipaka ngozini hazijathibitisha hofu hiyo, kwa hiyo zungumza na daktari kabla ya kuitupa. Ruksolitinibu huleta chunusi pale inapopakwa, na maandishi yake yana maonyo mazito ya maambukizi, moyo na damu kuganda, yaliyotokana zaidi na vidonge vya ukoo huo.

*Ukiiacha.* Rangi iliyorudi haina hatimiliki. Katika jaribio moja, karibu watu 4 kati ya 10 waliorudishiwa rangi walipoteza sehemu yake ndani ya miezi sita baada ya kuacha tiba. Waliopaka takrolimusi mara mbili tu kwa wiki baada ya hapo, waliopoteza walikuwa kama 1 kati ya 10. Uliza kuhusu kipindi hicho cha kulinda rangi kabla hujaanza tiba, si baada ya kumaliza.

*Inamfaa nani.* Mwenye mabaka machache, hasa usoni na shingoni, ambaye ameanza karibuni, na anayeweza kukumbuka kupaka kila siku bila kusukumwa.

2. Tiba ya mwanga

*Inafanya nini.* Mionzi ya urujuanimno ya wimbi la nanomita 311 hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huzituliza seli za kinga zilizo kwenye ngozi na huziamsha melanosaiti zilizolala kwenye mashina ya vinyweleo. Hii ni tofauti na kuota jua. Jua linakuja na mionzi mchanganyiko usioweza kuupima, na ngozi iliyopoteza rangi huungua upesi.

Tiba hii ina historia ndefu. Katika miaka ya 1940 daktari wa Misri, El Mofty, alichunguza mmea uliotumika tangu zamani bondeni mwa Nile, *Ammi majus*, ambao ukiutumia kisha ukakaa juani huirudisha rangi. Kemikali yake, psoraleni, ikawa msingi wa tiba iitwayo PUVA. PUVA ilisaidia wengi, lakini vidonge vyake huleta kichefuchefu, macho hulazimika kukingwa saa nyingi baada ya dawa, na ikitumika kwa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Ndiyo maana mwanga wa 311 umeshika nafasi yake sehemu nyingi. Kwa mabaka machache madogo ipo pia leza ya nanomita 308, inayolenga baka tu na kuiacha ngozi nyingine.

*Inafika wapi, kwa muda gani.* Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yanatoa picha iliyo wazi kuliko zote ninazozijua. Waliorudisha angalau robo tatu ya rangi walikuwa takribani asilimia 19 baada ya miezi 6, na asilimia 36 baada ya miezi 12. Kwa sehemu za mwili, usoni na shingoni walifika hapo asilimia 44, kiwiliwili asilimia 26, mikono na miguu asilimia 17. Kwenye vitanga vya mikono na nyayo: sifuri. Nilipoisoma hiyo sifuri niliacha kujilaumu kwa ajili ya vidole vyangu.

*Inakudai nini.* Muda, kuliko njia nyingine yoyote. Mara mbili au tatu kwa wiki, si siku mbili mfululizo, kwa angalau miezi sita kabla ya kusema imeshindikana. Unasimama ndani ya kabati lililozungukwa na taa ndefu, umevaa miwani ya kinga, na wanaume hufunika sehemu za siri. Mwanzoni ni sekunde chache tu. Dozi huongezwa polepole mpaka baka liwe na uwaridi hafifu unaotoweka kabla ya saa 24. Jambo lenyewe halichukui dakika kumi. Kinachochosha ni safari, foleni, na kuomba ruhusa kazini kila wiki kwa mwaka mzima.

Katika wiki ya kumi na mbili nilikuwa nikijitazama shingoni kwa kioo cha mkononi. Niliona nukta tatu za kahawia, kila moja imelizunguka shina la unywele, ndogo kuliko punje ya ufuta. Wiki mbili baadaye zilikuwa tisa. Zilipanuka, zikagusana, na baka likaanza kujaa kutoka katikati. Kama unapata tiba ya mwanga, tafuta nukta hizo kabla ya kitu kingine chochote. Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, kwa mwanga uleule, kwa sababu jicho la mwenye ngozi huzoea na kusahau.

Zipo taa ndogo za mkononi za kutumia nyumbani. Jaribio la Uingereza lililohusisha watu 517 lilizilinganisha na krimu ya mometasoni. Baada ya miezi tisa, waliosema baka lao walilolifuatilia limepungua sana au halionekani tena walikuwa asilimia 17 kwa krimu peke yake, 22 kwa mwanga peke yake, na 27 kwa vyote viwili pamoja. Si namba za kushangilia, lakini zinaonyesha jambo ambalo madaktari wengi hulifuata sasa: mwanga na krimu ni ndugu, wakienda pamoja hufika mbali kidogo.

*Madhara.* Kuungua ukizidisha dozi, ngozi kukauka, mwasho. Ngozi isiyo na mabaka huweza kuwa nyeusi zaidi kwa muda, na hapo mabaka huonekana zaidi kabla ya kuonekana kidogo. Hilo huwavunja moyo wengi katika mwezi wa pili kwa sababu hawakuambiwa.

*Ukiiacha.* Kama kwa krimu: rangi inaweza kuondoka tena. Katika jaribio hilo la Uingereza, zaidi ya asilimia 40 walipoteza rangi waliyoipata baada ya tiba kukoma.

*Inamfaa nani.* Mwenye mabaka mengi, au yanayoendelea kuenea, anayeishi mahali anapoweza kufikia mashine bila kuvuruga kazi au shule.

3. Upandikizaji

*Inafanya nini.* Daktari huchukua melanosaiti kutoka sehemu yenye rangi na kuzipeleka kwenye baka. Anaweza kuhamisha vipande vidogo vya ngozi, kuinua lengelenge kwa mvuto wa hewa na kutumia paa lake, au kutengeneza majimaji yenye seli na kuyamwaga juu ya baka lililokwanguliwa.

*Inafika wapi, kwa muda gani.* Huu ndio mlango uliobaki pale akiba ya vinyweleo imekwisha, kwa mfano kwenye baka lenye nywele nyeupe. Matokeo yake ni mazuri zaidi kwa vitiligo ya upande mmoja. Rangi huanza kuonekana ndani ya wiki kadhaa na huendelea kujaa kwa miezi.

*Inakudai nini.* Utulivu. Mabaka yawe hayajaongezeka wala kupanuka kwa angalau mwaka mmoja. Ukipandikiza wakati vita inaendelea, kinga itazishambulia hata seli mpya, na jeraha lenyewe linaweza kuzaa baka jingine. Madaktari makini huanza na jaribio dogo sehemu moja. Wataalamu wake ni wachache na gharama ni kubwa.

*Madhara.* Makovu, rangi isiyolingana, na ngozi yenye vinundu pale vipande vilipopandwa. Mwenye ngozi inayoota keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, asiiguse njia hii bila mazungumzo marefu na daktari wake.

*Ukiiacha.* Hakuna cha kuendelea nacho kila siku, na kwa vitiligo ya upande mmoja rangi mara nyingi hukaa.

*Inamfaa nani.* Mwenye mabaka machache yaliyotulia, hasa ya upande mmoja, ambaye krimu na mwanga vimeshindwa.

4. Kuficha mabaka

*Inafanya nini.* Haigusi ugonjwa. Inabadilisha kinachoonekana, na kwa mtu mwenye usaili wa kazi kesho asubuhi, hilo ndilo linalohitajika.

*Inafika wapi, kwa muda gani.* Popote, mara moja. Vipodozi vizito vya kuficha hufuata rangi ya ngozi yako na vikifungwa kwa poda huvumilia jasho na maji. Losheni zenye dihidroksiasetoni huipaka rangi tabaka la juu kabisa la ngozi na hukaa siku kadhaa, hazifutiki kwa nguo. Kwa vidole, ambavyo hunawa siku nzima, losheni hizo hushinda vipodozi. Kwa uso, vipodozi huleta ulinganifu mzuri zaidi.

*Inakudai nini.* Mkono uliozoea. Mara ya kwanza utatumia dakika arobaini na utachukia kazi yako mwenyewe. Mara ya ishirini utatumia kumi.

*Madhara.* Machache: mzio, na kusugua sana wakati wa kuondoa. Losheni ya dihidroksiasetoni haikukingi na jua, hivyo kinga ya jua bado inahitajika. Chale za rangi ni jambo jingine: sindano huijeruhi ngozi, na rangi yake hufifia au kugeuka kwa miaka.

*Ukiiacha.* Mabaka hurudi kuonekana, basi.

*Inamfaa nani.* Kila mtu anayetaka, wakati wowote, hata akiwa katikati ya tiba nyingine. Sikubaliani na wanaosema kujificha ni kutojikubali. Ni uso wako.

5. Kuondoa rangi iliyobaki

*Inafanya nini.* Pale ambapo ngozi nyingi imekwisha kuwa nyeupe, baadhi ya watu huchagua kuviondoa visiwa vya rangi vilivyobaki ili mwili wote uwe sawa. Dawa yake ni monobenzoni ya asilimia 20. Uwezo wake uligunduliwa kwa bahati mbaya: mwaka 1939 wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi huko Marekani walipoteza rangi mikononi na sababu ikapatikana kwenye glavu zao za mpira, zilizokuwa na kemikali hiyo.

*Inafika wapi, kwa muda gani.* Mwili wote, kwa miezi mingi hadi mwaka na zaidi. Huwezi kuchagua mipaka: ukipaka mkononi, rangi inaweza kutoweka pia sehemu usiyoipaka.

*Inakudai nini.* Uamuzi usiorudishika. Dawa hii huziua melanosaiti. Inakudai pia kujikinga na jua kila siku maisha yako yote, na kutogusana ngozi kwa ngozi na mtu mwingine baada tu ya kupaka, kwa sababu inaweza kumwondolea rangi naye.

*Madhara.* Mwasho mkali, mzio, na mzigo wa moyo ambao kwa mtu mwenye ngozi nyeusi unaweza kuwa mkubwa kuliko alivyotarajia. Sura inabadilika mbele ya ndugu na marafiki, na watu wasiojua watadhani umejichubua. Michael Jackson alilazimika kueleza mbele ya dunia nzima, katika mahojiano na Oprah Winfrey Februari 1993, kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi. Wengi hawakumwamini. Uchunguzi wa mwili wake baada ya kifo mwaka 2009 ulithibitisha vitiligo.

*Ukiiacha.* Madoa ya rangi yanaweza kuchipuka tena, hasa kwenye jua, lakini usitegemee ngozi ya awali kurudi.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima ambaye zaidi ya nusu ya mwili wake imepoteza rangi, amejaribu kuirudisha ikashindikana, na amepewa muda mrefu wa kufikiri. Hii si njia ya mtoto wala ya mtu aliyepata baka jana. Krimu za kujichubua zinazouzwa bila jina wala maelezo hazina nafasi hapa.

6. Kutotibu

*Inafanya nini.* Unaiacha ngozi ilivyo, unailinda na kuifuatilia. Niseme wazi kwamba huu ni uamuzi kamili kama mingine, wala si kukata tamaa. Vitiligo haiumi, haipunguzi maisha, na kwa melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, tafiti zimeonyesha kwamba wenye vitiligo wako kwenye hatari ndogo kuliko wengine.

*Inafika wapi, kwa muda gani.* Hakuna anayeweza kukuambia mabaka yatatulia mwaka gani. Baadhi ya watu hurudishiwa rangi kidogo bila dawa, wengi hawarudishiwi.

*Inakudai nini.* Kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi kwenye mabaka, kofia, mikono mirefu. Pia kupunguza misuguano na majeraha, maana baka jipya hupenda kutokea pale ngozi inapokwaruzwa: chini ya mkanda, kamba ya sidiria, kiatu kinachobana, wembe mkavu. Saa yangu niliihamishia mfukoni. Na inakudai jibu fupi la kuwapa watu wanaouliza. Langu ni "Ni vitiligo, haiambukizi," kisha naendelea na nilichokuwa nikisema.

*Madhara.* Ya ngozi ni kuungua na jua. Makubwa ni ya macho ya watu. Kama umeanza kukwepa sherehe, picha au kuogelea, hilo ni tatizo la kiafya linalostahili msaada wa mshauri nasaha, iwe unatibu ngozi au hutibu.

*Ukibadili nia.* Unaweza kuanza tiba baadaye, ila ukijua kwamba mabaka mapya huitikia vizuri kuliko ya zamani.

*Inamfaa nani.* Mwenye baka moja mahali pasipomsumbua, aliyechoshwa na tiba, au anayejipenda alivyo. Winnie Harlow wa Kanada amefanya kazi ya uanamitindo na mabaka yake wazi, na kila tarehe 25 Juni, siku ya vitiligo duniani, maelfu hufanya vivyo hivyo bila kamera za majarida.

Uchague ipi? Inategemea umesimama wapi

*Mabaka yanaongezeka wiki hadi wiki*, au umeona vidoadoa vyeupe vidogo kama chenga zilizomwagwa: usipoteze muda kulinganisha. Muone daktari wa ngozi upesi, kwa sababu lengo la kwanza ni kuzima moto. Mara nyingi ataanza mwanga pamoja na krimu, na wakati mwingine steroidi ya vidonge kwa siku mbili za kila wiki, kwa miezi michache.

*Una baka moja au mawili usoni, ya karibuni:* anza na takrolimusi, au ruksolitinibu kama inapatikana na unaimudu. Jipe miezi sita kamili, na kipodozi cha kuficha wakati unasubiri.

*Mabaka yamesambaa mwilini na kituo chenye mashine kiko karibu:* mwanga ndio wenye nafasi kubwa, ukiunganishwa na krimu. Kama kituo kiko mbali kiasi kwamba utakosa kila wiki ya pili, usianze kwa matumaini. Uliza kwanza kuhusu kifaa cha nyumbani chenye usimamizi.

*Tatizo lako ni vidole na midomo tu:* kuwa mgumu kwa anayekuahidi rangi kamili. Kuficha, au kuacha ilivyo, kunaweza kukupa amani kuliko mwaka wa safari za bure. Upandikizaji hufanyika huko pia, lakini kwa mafanikio madogo.

*Baka la upande mmoja limetulia zaidi ya mwaka, na nywele zake ni nyeupe:* omba rufaa kwa mtaalamu wa upandikizaji.

*Umebaki na visiwa vichache vya rangi:* chukua muda. Zungumza na mwenzi wako, na mshauri nasaha, na ikiwezekana na mtu aliyekwisha kuondoa rangi. Kisha lala juu ya uamuzi huo kwa miezi kadhaa kabla ya kufungua chupa.

*Mgonjwa ni mtoto:* takrolimusi ya asilimia 0.03 na steroidi za vipindi vifupi hutumika kwa watoto, na mwanga kwa walio wakubwa wa kutosha kusimama peke yao kwenye kabati. Lakini muulize yeye, kwa maneno yake, kama baka linamsumbua. Mara nyingi anayelia usiku ni mzazi. Nenda shuleni umweleze mwalimu kwamba haiambukizi, ili asikalishwe dawati la peke yake.

*Una ujauzito au unanyonyesha:* mwambie daktari kabla ya dawa yoyote. Mwanga wa 311 huhesabiwa kuwa salama wakati huo. Psoraleni, ruksolitinibu na monobenzoni huachwa.

Na kwa yeyote, siku ya kwanza kwa daktari beba vitu vitatu: picha za mabaka yako za miezi mitatu iliyopita, kila krimu uliyowahi kupaka ikiwa ndani ya kopo lake, na hesabu ya kweli ya siku ngapi kwa wiki unaweza kuipa ngozi yako.